Hufai kwa Nani? Maisha ya Mtakatifu Mathias Mulumba



Kuna jambo nimeliona kwa miaka mingi katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hapa kwetu Otonglo. Siku ya kuchagua viongozi, au siku Padre anapotafuta mume na mke wa kuwasindikiza vijana wanaojiandaa kufunga ndoa, watu huinamisha vichwa. Mmoja huanza kukagua viatu vyake. Mama mwingine hukumbuka ghafla kwamba mtoto anataka kunyonya, hata kama mtoto amelala fofofo. Ukiwafuata nyumbani jioni na kuwauliza kwa upole, jibu ni lile lile: sisi hatufai.

Sababu ni nyingi. Mume huyu ameishi na mkewe miaka 10 bila kubariki ndoa. Yule alikuwa mlevi, na kijiji kizima kinajua mitaro aliyolala. Mama huyu alizaa kabla ya kuolewa. Na wako wengine ambao hawakukosa lolote. Yupo aliyeingia katika boma la baba wa kambo akiwa mgongoni mwa mama yake, na leo ana mvi lakini bado anaitwa kimirwa. Yupo ambaye babu yake alikaribishwa katika ardhi ya ukoo mwingine, na kila ugomvi wa mpaka unapozuka anakumbushwa kwamba yeye ni jadak.

Mimi ninayeandika haya ni mmoja wao. Mzee aliyenilea alinipenda, lakini siku alipozikwa ndugu zake walinionyesha pa kukaa, mbali na wanawe. Miaka michache baadaye Baba Paroko aliniomba nisomee ukatekista. Nilikataa. Nilisema masomo yangu ni ya sekondari tu. Nilisema shamba lina kazi nyingi. Sababu ya kweli sikuitaja. Nilijiuliza nitasimamaje mbele ya watu kuwafundisha habari za Baba yetu wa mbinguni, wakati wao wananong'ona kwamba hapa duniani sina baba.

Padre hakubishana nami. Alinisimulia maisha ya mtu mmoja mwenye ndoa kama mimi na wewe, aliyeishi kando ya ziwa hili hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Leo nawasimulia ninyi, kwa sababu maisha hayo yalinitoa mahali nilipokuwa nimekwama.

Mtoto aliyetekwa

Mathias Mulumba Kalemba alizaliwa yapata mwaka 1836 huko Bunya, katika Busoga, mashariki ya mto Nile. Si mbali na kwetu. Ukishika barabara hii ya Busia inayopita sokoni Otonglo, ukavuka mpaka na kuendelea mbele, utaipita nchi ya Wasoga kabla ya kufika Jinja.

Siku hizo majeshi ya Buganda yalikuwa yakiivamia Busoga na kurudi na mifugo, wanawake na watoto. Katika uvamizi wa namna hiyo Kalemba alitekwa akiwa mtoto mdogo, pamoja na mama yake, wakapelekwa Buganda. Huko akawa mtumwa katika nyumba ya mzee mmoja aliyeitwa Magatto.

Tusipite hapa haraka. Kwa Waganda, kama ilivyo kwetu Waluo, mtu akijitambulisha huulizwa ukoo wake kwanza. Ukoo ndio unaomtetea mtu shaurini, ndio unaompa mahali pa kujenga, na ndio unaomzika. Mtoto wa mateka hana kitu hicho. Anakula kwa hisani. Wakimpenda ni neema, wakimchukia hana pa kushtaki.

Magatto alikuwa mtu mwema. Alimlea kijana huyu kama mwanawe, na Kalemba naye akamhesabu kuwa baba yake. Mzee huyo alikuwa na wazo ambalo halikumtoka: alihisi kwamba Waganda hawajaupata ukweli kuhusu Mungu, naye aliutafuta kimoyomoyo. Kabla ya kufa alimwambia kijana kwamba siku moja watakuja watu watakaofundisha njia iliyo sahihi.

Maneno hayo hayakumtoka Kalemba. Tazameni jambo hili, ninyi mnaolea watoto ambao hamkuwazaa: urithi mkubwa kuliko wote alioupata mtakatifu huyu aliupewa na baba wa kulea. Hakuupewa kwa damu.

Mtu aliyetafuta

Kalemba alikua, akawa mtu mwenye nguvu na wa kutegemewa, akapanda cheo. Alitumika chini ya Mukwenda, yaani chifu mkuu wa jimbo la Singo, magharibi ya mji mkuu wa Kabaka. Jina la Mulumba lilitokana na cheo alichopewa huko. Kwa hiyo mtoto wa mateka sasa alikuwa bwana mwenye watu chini yake, mwenye boma na wake kadhaa, kama ilivyokuwa desturi kwa mtu wa hadhi yake. Wengi wangesema ameshafika.

Lakini maneno ya Magatto yaliendelea kumsumbua. Waarabu na Waswahili walipoleta dini ya Kiislamu, alidhani hao ndio aliotabiriwa, akawafuata. Walipokuja wamisionari Waanglikana, akaenda kumsikiliza Alexander Mackay. Mwezi wa Februari mwaka 1879 wamisionari wa kwanza Wakatoliki walifika Buganda kwa mitumbwi kutoka kusini mwa ziwa, akiwemo Padre Simeon Lourdel. Mwaka uliofuata, 1880, Kalemba alijiandikisha kuwa mkatekumeni kwao. Alikuwa na umri wa miaka 40 na zaidi.

Wako watu ambao wangeaibika kwa kubadilika mara tatu. Wangesema, watu watanionaje? Yeye hakuona aibu kuonekana ni mtu anayetafuta. Na ninyi mnaosema mmechelewa kuanza mafundisho kwa sababu watoto wenu wameshapata Kipaimara kabla yenu, mkumbukeni Mulumba akikaa pamoja na vijana wadogo kujifunza sala.

Mlango mgumu

Sasa tunafika kwenye nyumba, na hapa ndipo maisha yake yanapotuhusu sana sisi wanandoa.

Kalemba hangeweza kubatizwa akiwa na wake wengi. Aliambiwa hivyo wazi, kama wanavyoambiwa wengine mpaka leo. Akafanya uamuzi: akaachana nao, akabaki na mke mmoja, jina lake Kikwabanga.

Msidhani lilikuwa jambo dogo. Katika nchi ile wake wengi walikuwa heshima ya mwanamume. Wao ndio waliolima migomba, waliopika kwa wageni, waliolijaza boma watoto. Bwana mwenye mke mmoja alionekana kama maskini au mtu aliyerogwa. Kalemba, aliyeanza maisha akiwa hana heshima yoyote, aliiweka chini heshima aliyoipata kwa jasho, ili awe mume wa mke mmoja mbele ya Mungu.

Najua baadhi ya akina mama mnaosoma mnauliza: na wale wanawake walioachwa je? Ni swali la haki, nami nimeulizwa mara nyingi hapa kwetu ambako ndoa za wake wengi bado zipo. Kanisa leo halimruhusu mwanamume kumtupa mwanamke nje ya lango kisha aje kupiga magoti altareni. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1148, inaagiza kwamba mume mwenye wake kadhaa akibatizwa na kubaki na mmoja, lazima mahitaji ya wale wengine yaangaliwe kwa haki na kwa upendo wa Kikristo. Kwa hiyo baba mwenye nia hiyo asifanye haraka usiku mmoja. Amwone Paroko kwanza, na akina mama wasikilizwe, kila mmoja. Watoto wote wanabaki watoto wake.

Miezi mitano, kisha peke yao

Mathias alibatizwa tarehe 28 Mei mwaka 1882. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Pentekoste. Pamoja naye alibatizwa rafiki yake Luka Banabakintu, naye pia mtu wa Singo.

Novemba ya mwaka huo huo mapadre waliondoka. Hali katika jumba la Kabaka Mutesa ilikuwa imekuwa ya hatari, nao wakahamia kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wakristo wakabaki bila Misa, bila kitubio, bila mtu wa kuwaelekeza. Hawakujua kama mapadre watarudi.

Hesabuni wenyewe. Kutoka Pentekoste hadi Novemba ni miezi mitano na siku kidogo. Hapa kwetu mtu aliyebatizwa kwa miezi mitano hatumpi hata kazi ya kubeba sadaka. Lakini Mungu aliwaacha watu hao wachanga wawe nguzo. Katika jumba la mfalme alisimama Yosefu Mukasa Balikudembe. Karibu na mji mkuu alisimama Andrea Kagwa, naye mtu mwenye ndoa. Huko Mityana, Singo, walisimama Mathias, Luka, na mfinyanzi mmoja aliyeitwa Noa Mawagali.

Je, Mathias alifaa? Kwa hesabu ya watu, hapana. Alikuwa Msoga kati ya Waganda, mtoto wa mateka, mtu wa wake wengi hadi juzi, aliyepita katika Uislamu na kwa Waprotestanti, na sasa Mkatoliki wa miezi mitano. Kama angetaka sababu za kukaa kimya, zilikuwa tele. Aliwafundisha jirani zake sala na mafundisho kama alivyofundishwa. Mapadre waliporudi mwezi wa Julai mwaka 1885, baada ya miaka karibu mitatu, waliwakuta waamini wameongezeka badala ya kupungua. Jumuiya ya Mityana ilifikia watu wapatao 200. Wakawa wanakwenda kwa miguu hadi mji mkuu kusali na kujifunza, mwendo wa kilomita 60 na zaidi.

Jembe mkononi mwa bwana

Inasimuliwa juu yake kwamba baada ya ubatizo aliacha fahari za cheo. Bwana wa hadhi yake alikuwa na watu wa kumbebea mizigo na silaha, na watu wa kumlimia. Yeye alianza kulima na kubeba mizigo mwenyewe.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi nikiwa shambani. Mtu aliyezaliwa katika heshima akishika jembe, watu humsifu kwa unyenyekevu. Lakini mtu aliyewahi kuwa mtumwa, kazi ya mtumwa ndiyo kitu anachokikimbia kuliko vyote. Akipata fedha kidogo hataki hata kuonekana na ndoo, wasije wakamkumbuka. Mathias alibeba mzigo wake hadharani. Nadhani hapo ndipo unapoona kwamba aibu ile ilikuwa imepona. Mtu akijua ni mtoto wa nani, haogopi tena kuonekana alikotoka.

Mei 1886

Kabaka Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Kijana huyo aliwaogopa wageni na aliona utii wa Wakristo umegawanyika. Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa. Mei 1886 hasira ya Kabaka ililipuka, na amri ikatoka Wakristo wakamatwe.

Mathias na Luka walikuwa mjini wakati huo. Walishauriwa kukimbia lakini hawakukimbia. Walikamatwa na kuletwa mbele ya Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka. Katikiro alimdhihaki Mathias mbele ya watu. Na alimdhihaki kwa jambo gani? Kwa ndoa yake. Alimcheka mtu mzima kama yeye kuwaacha wake zake na kubaki na mmoja. Wapendwa, kile alichokitoa kwa Mungu kwa gharama kubwa ndicho kilichofanywa mzaha siku ya hukumu yake. Mathias hakukana imani wala hakuomba radhi kwa ajili ya Kikwabanga.

Hukumu yake ilikuwa kifo cha kukatwa viungo. Tarehe 27 Mei 1886 walianza kumpeleka Namugongo pamoja na Luka. Walipofika kilima kinachoitwa leo Old Kampala, Mathias alikataa kuendelea, akawataka wamuulie hapo hapo. Akaagana na Luka, akimwambia kwamba watakutana mbinguni. Yaliyofuata sitayaeleza yote, maana ukurasa huu husomwa na watoto pia. Walimkata mikono na miguu, wakafunga mishipa ya damu ili asife upesi, wakamwacha kichakani. Alikaa hivyo siku tatu, katika jua na kiu. Alifariki yapata tarehe 30 Mei. Siku alipokatwa ilibaki siku moja tu atimize miaka minne tangu abatizwe.

Noa Mawagali aliuawa kwao Mityana tarehe 31 Mei. Luka alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni pamoja na Karoli Lwanga na wenzake. Kikwabanga akabaki mjane.

Mwaka 1920 Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza mashahidi hao 22 kuwa wenye heri, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa 6 akawatangaza watakatifu. Pale Old Kampala kuna kanisa lenye jina la Mathias Mulumba. Na tusisahau kwamba wamisionari wa Mill Hill walioleta imani hapa Kisumu mwaka 1903 walitokea Uganda, katika nchi iliyokuwa imekwisha kumwagiwa damu hiyo. Mathias ni jirani yetu, na kwa namna fulani ni mzee wetu.

Tujifunze nini nyumbani?

Kwanza, tutenganishe aina mbili za aibu. Ipo aibu ya jambo tunaloweza kulirekebisha, na ipo aibu ya jambo ambalo si kosa letu. Mathias hakuweza kubadilisha kuzaliwa Busoga wala kutekwa, na Mungu hakumdai hayo. Aliweza kuitengeneza nyumba yake, akaitengeneza. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunalilia usiku kucha lile tusiloweza kulibadilisha, na lile tunaloweza tunaliahirisha mwaka hadi mwaka.

Ninyi mnaoishi pamoja bila sakramenti ya ndoa, hili ni lenu. Wengine mnasema mnasubiri kumaliza mahari, kwamba ayie imekwenda lakini ng'ombe bado. Wengine mnasubiri fedha za gauni, keki na hema. Kanisa halidai keki. Kama hakuna kizuizi, linadai ridhaa yenu ninyi wawili mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Nendeni mkaongee na Padre juma hili. Kama kuna kizuizi, mtakijua na mtaoneshwa njia. Kukaa nyuma kabisa kanisani miaka 15 mkiona haya si unyenyekevu, ni ugonjwa usiopelekwa hospitali.

Pili, kutostahili hakumzuii Mungu kuita. Simoni Petro, mvuvi kama ndugu zetu wa Dunga, alipoona nyavu zimejaa samaki alimwomba Yesu aondoke kwake kwa sababu yeye ni mwenye dhambi. Yesu hakuondoka, alimpa kazi. Katika kila Misa, kabla ya Komunyo, sote tunakiri kwa sauti kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu. Kisha aliyejiandaa vizuri anasimama na kwenda mbele. Hakuna anayesema maneno hayo halafu akachukua kofia yake na kwenda nyumbani. Basi kwa nini Padre akituita kwa kazi tunachukua kofia?

Tatu, tuchunge midomo yetu. Mara nyingi anayemwambia mtu kwamba hafai si kijiji, ni yule analala naye kitanda kimoja. Mume akiulizwa karo anamkumbusha mkewe mtoto aliyemzaa usichana. Mke naye akikasirika anataja ukoo wa mumewe, au chupa alizoziacha tangu miaka sita iliyopita. Dhambi ikishaungamwa na kuondolewa, ninyi ni nani kuifukua? Na lile ambalo halikuwa dhambi kamwe, kama kuzaliwa, kulitaja ni kumpiga mtu mahali ambapo hana mkono wa kujikinga.

Nne, msisubiri kuwa wakamilifu ndipo muanze. Miezi mitano ilimtosha Mathias kufundisha alichokijua. Kama mnajua Baba Yetu na mmevumiliana miaka 12, mnacho cha kuwaambia vijana wanaoanza.

Neno la mwisho

Nilipotoka kwa Padre siku ile nilimsimulia mama watoto habari hizi jikoni, akichambua omena. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akakiri jambo ambalo mimi nilikuwa nimejifanya nimelisahau. Mwaka mmoja kabla yake, tukigombana juu ya karo, alikuwa ameniita kwa lile neno la kimirwa, na majirani wakasikia. Aliniomba msamaha, nami nikamwomba msamaha kwa yale niliyomrushia siku ile, ambayo hayakuwa madogo. Neno lile halijasikika tena nyumbani kwetu.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa Padre nikiwa naye, tukasema ndiyo pamoja. Sasa watu huniita japuonj, yaani mwalimu. Wako ambao bado wananong'ona, na kila ninaposimama mbele ya wakatekumeni magoti hunitetemeka kidogo. Nimejifunza kusimama nayo hivyo hivyo. Kila mwaka Mei ikikaribia mwisho na mahujaji wakielekea Busia kwenda Namugongo, sisi wawili hutoka hadi barabarani tukawapungia mikono, na kumshukuru mzee wetu wa Bunya.

Maswali ya kuzungumza mkiwa wawili

1. Je, kuna kazi ya Kanisa tuliyoikataa kwa kusema hatufai? Sababu ya kweli ilikuwa nini?

2. Kati ya mambo yanayotuaibisha, lipi tunaweza kulirekebisha mwaka huu? Lipi si kosa letu, tuliache mikononi mwa Mungu?

3. Kuna neno gani ambalo mwenzangu angependa nisilitamke tena?

Sala

Ee Mungu Baba yetu, ulimwita mtoto wa mateka, ukamfanya nguzo ya jumuiya yake. Utupe moyo wa kurekebisha yaliyo mikononi mwetu, utuponye aibu ya yale ambayo si makosa yetu, na utufundishe kuheshimiana nyumbani ili tuweze kukutumikia pamoja. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Mathias Mulumba, utuombee.